Mstari wa Harlan Katika Ukumbi wa Burr Fork

Njia ya Kaunti 400 Kaskazini,
Burr Fork, Indiana.
21 Oktoba 2008.

Mpendwa mwanangu Dwight,

Amani ya Bwana wetu ikufikie huko Tucson, wewe na mkeo Ramona na wote walio chini ya paa lenu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa kiangazi umekupa nafuu. Tunasikia joto la huko halijapungua hata sasa. Sisi huku tumekwisha kuwasha majiko, na asubuhi majani huwa meupe kwa baridi.

Mimi baba yako mdogo ni mzima, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kujiita mzima. Goti la kushoto linajua habari ya mvua kabla ya redio. Macho bado yananitosha, ila nimenunua Biblia ya herufi kubwa, nayo ni nzito kiasi kwamba siwezi kuisoma isipokuwa mezani. Nyumba imekuwa na kimya kirefu tangu mama yako mdogo Fern alipotutoka, lakini nimejifunza kupika mayai kwa njia tatu, na wadada wa kanisa hawaniachi nikae na njaa.

Mama yako hajambo. Anapika, anashona mifarishi na kina mama wenzake kila Alhamisi, na hataki mtu amshike mkono akipanda ngazi za kanisa. Nilimweleza kwamba nakuandikia. Hakuniagiza neno, wala hakunikataza.

Mahindi yamechelewa mwaka huu kwa sababu ya mvua za Juni, ila soya karibu yote imeingia ghalani. Shamba la baba yako analilima yule kijana wa akina Schrock. Analitunza vizuri. Ameng'oa uzio wa upande wa mto, na sioni kama kuna aliyeulilia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama yako alinieleza maneno uliyomwambia kwa simu mwezi wa nane: kwamba ukumbi wa michezo wa shule ukifunguliwa tena, na ule mstari aliouchora baba yako ukiwa umewekewa bamba la shaba ili watu waje wacheke, basi usitarajiwe tena Burr Fork, kwa Krismasi wala kwa jambo jingine lolote. Sikulaumu kwa kusema hivyo. Nimeona tu kwamba tangu siku ile ameacha kuitaja Krismasi. Jambo hilo limekwisha kuamuliwa, tena kwa namna ambayo mimi sikuitazamia, na naona ni haki yako kulisikia lote kutoka kwa mtu wa nyumba yenu.

Utaniwia radhi nikianza mbali kidogo. Najua wewe uliuchukia ukumbi ule. Mimi niliupenda, na nadhani hata wewe uliupenda ulipokuwa mdogo, kabla hujapewa sababu ya kuuchukia.

Ulijengwa nikiwa darasa la pili. Mji haukuwa na watu mia nne, nao wakajenga ukumbi wa kukalisha elfu moja. Wazee wa kanisa letu hawakupendezwa. Babu yako aliuita zizi la ubatili, akatukataza mimi na baba yako Harlan tusiukaribie. Jioni moja ya Ijumaa Harlan alitoroka kwenda kutazama mpira wa kikapu, na babu yako akatia farasi kwenye gari ili akamrudishe nyumbani. Walirudi pamoja mchezo ulipokwisha. Babu yako alisema alikawia kwa sababu ya theluji, na tangu hapo kila Ijumaa palikuwa na theluji. Alikuwa na mahali pake karibu na mlango wa tanuri la makaa, na mtu akimuuliza amefuata nini humo, alijibu kwamba amefuata joto.

Bado naweza kukuelezea harufu yake: bisi, vanishi ya sakafu, na makoti ya sufu yakikauka mwilini mwa wenyewe. Upande mmoja palikuwa na jukwaa, ambapo bendi ya shule ilipiga, na mara kwa mara mpira ukaingia ndani ya tarumbeta. Upande wa pili ukuta ulikuwa karibu mno na goli, kwa hiyo walitundika magodoro mawili ya kale ili vijana wasivunjike meno. Timu za wageni zililalamika juu ya magodoro yale. Vijana wetu waliyapenda. Waliyagonga kwa makusudi, wakajirusha nyuma na kuwahi mpira.

Unakumbuka pia kwamba hakuna aliyeikanyaga sakafu ile kwa viatu vya nje, awe nani. Tulipofanya ibada humo majira ya baridi, mwaka tanuri la kanisa lilipopasuka, waumini wote waliketi katika soksi, na mahubiri yangu ya kwanza kabisa niliyatoa nimesimama chini ya kikapu, na soksi yangu moja ikiwa na tundu kwenye kidole. Fern, ambaye wakati ule hakuwa mchumba wangu, alikiri kwangu baadaye kwamba aliliona tundu lile kabla hajasikia neno langu hata moja, na kwamba hakumbuki nilihubiri nini. Nimepita katika makanisa mengi tangu wakati ule, mengine yenye vioo vya rangi. Sijaona nyumba ambamo watu wa mji mzima waliketi bega kwa bega hivyo, Mlutheri na sisi wa kanisa la Ndugu, mwenye shamba na kibarua wake, wakitazama kitu kimoja.

Kisha ukaja ule mwaka.

Vuli ya 1956 sakafu ilipigwa msasa, na shule ikamwomba baba yako aichore upya mistari, kwa kuwa hapakuwa na fundi mwangalifu kumpita. Futikamba yake ya chuma ilikuwa imekatika futi ya kwanza siku nyingi. Hakuitupa. Alifanya kama mafundi wote wa huku wanavyofanya: alianzia kwenye alama ya futi moja, kisha mwishoni akaongeza moja. Kwa namna hiyo alijenga mabanda nusu ya kaunti hii na hakuna hata moja lililopinda. Mstari wa mitupo huru, ule ambao mchezaji aliyechezewa vibaya husimama na kutupa peke yake bila kuzuiwa, hutakiwa uwe futi kumi na tano kutoka kwenye ubao wa goli. Siku ile alipokuwa amepiga magoti akipima, akaitwa atoke akamtoe ndama wa jirani barabarani. Aliporudi akashika alama ya futi moja, akasoma kumi na tano, akachora. Hakuongeza. Upande wa pili aliupima kwa ufito alioukata kutokana na upande wa kwanza.

Msimu ule vijana wetu hawakushindwa nyumbani hata mara moja. Mitupo huru ilikuwa ikiingia kama mtu anayedondosha viazi kapuni. Wageni nao waliipitisha mipira juu ya goli, wakaondoka wakisema ukumbi wetu una uchawi. Sisi tulisema ni mazoezi, na baadhi yetu tulisema ni baraka.

Mashindano ya wilaya yalichezwa katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu wa kaunti, na wakati ule shule ndogo na kubwa zilipangwa pamoja bila huruma. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukabaki nyumbani kwa sababu ya surua. Tulifika fainali. Mitupo huru ya vijana wetu ilipungua urefu mmoja baada ya mwingine, mingine haikugusa hata chuma, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na Merle Stookey akapewa mitupo miwili. Alikosa yote. Ndipo filimbi ikapigwa.

Merle alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa amezikwa Januari ile ile, na ng'ombe wa maziwa walikuwa juu yake yeye na mama yake. Sitaki kuusema vibaya mji wangu, lakini nilikuwa kwa kinyozi Jumatatu asubuhi na nilisikia yaliyosemwa juu ya kijana yule. Alipoingia kuleta chupa za maziwa, wanaume waligeuzia nyuso zao dirishani. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Mikono ya kukamua hiyo, si ya mpira."

Mchana wa siku hiyo baba yako aliingia duka la vifaa, likiwa limejaa watu, akaiweka futikamba yake juu ya meza. Akasema, "Nimekwenda kupima ule mstari wangu. Ni futi kumi na nne. Nilisahau kuongeza. Kwa hiyo mkitaka kumsema mtu, nisemeni mimi, yule mtoto mwacheni." Nilikuwepo. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, na Burr Fork ikapata kicheko kilichoitosha miaka hamsini.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Walimwita Harlan Futi Moja. Akienda kununua mbao, mwuzaji alimwuliza, "Unataka futi kumi, Harlan, au nikukatie kumi na moja kabisa tuwe salama?" Mhubiri mgeni alitujia kutoka Ohio, hajui lolote, akahubiri saa nzima juu ya vipimo vya haki mbele za Mungu. Kicheko kilianzia upande wa wanawake, na mtu yule maskini akadhani ameacha kifungo wazi. Baba yako alitazama mbele kwa utulivu, na baada ya ibada akamwalika nyumbani kwa tambi za kuku.

Yeye aliyabeba kwa wepesi. Wewe hukuweza, na ungewezaje? Nakumbuka siku nilipokukuta nyuma ya shule, pua inatoka damu, na watoto wa Fouts wakiimba, "Dwight, Dwight, baba alikupima mwenyewe? Ndiyo maana umepungua!" Ulikuwa mfupi wakati ule. Ulipokuja kuwa mrefu kuliko wote, kocha akakubembeleza ucheze, ukakataa, na miaka yote ya shule hukukanyaga sakafu ile isipokuwa siku ya mahafali. Hatukukushurutisha.

Shule ilipounganishwa na nyingine na madarasa kubomolewa, ukumbi ulibaki. Umetumika kwa mazishi makubwa, kwa minada ya mifarishi, kwa chakula cha wazima moto. Miaka ya karibuni paa lilivuja ukafungwa, na ilionekana utabomolewa. Ndipo Wilma Kreider, aliyekuwa posta, akaunda kamati ya kuuokoa. Sijui waliuza pai ngapi za sukari, lakini paa jipya lipo, na watoto wa mji wataanza kucheza humo Novemba hii.

Ilibaki sakafu. Mstari wa baba yako ulikwanguliwa ile wiki ya kosa na mwingine ukachorwa mahali pake pa haki, lakini rangi ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya mbao, na alama yake ilibaki wazi miaka yote hii, futi moja mbele ya ule wa kweli. Kamati ikagawanyika: ipigwe msasa wa kina iondoke kabisa, au ihifadhiwe. Wakasema hawataamua mpaka mama yako asikilizwe. Alhamisi ya wiki iliyopita nilimpeleka.

Tulikutana humo humo ukumbini, tumekaa kwenye madawati ya chini, kila mtu ameshika viatu vyake. Wilma ndiye aliyeanza.

"Jamani, mstari ule ni historia yetu. Watoto wa leo hawajui hata kama tuliwahi kufika fainali. Tuuache pale pale, tuweke kabamba kadogo, watu wacheke kidogo. Dada Lavona, Harlan mwenyewe si alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka," mama yako akasema. Alikuwa ameuweka mkoba magotini na mikono juu yake.

Galen Fouts akasema kutoka nyuma, "Bamba lenyewe akalipime mtu mwingine tu."

Watu wakacheka, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuwaeleza habari zako bila kukuaibisha, Merle Stookey aliposimama. Hujamwona miaka mingi. Amekonda, moyo wake ulifanyiwa upasuaji mwaka juzi, na maziwa ameyaachia binti yake. Katika mikutano ya mji sijapata kumsikia akisema jambo lolote.

"Likiwekwa hilo bamba, mimi humu siingii," akasema.

"Wewe tena, Merle?" Wilma akashangaa. "Si wewe mstari ulikuokoa?"

"Ndiyo hapo sasa." Akamgeukia Galen. "Wewe, mipira yangu miwili ile ilikwenda wapi?"

"Ilipungua. Kila mtu anajua."

"Ulikaa wapi siku ile?"

"Juu kule, chini ya saa."

"Basi hukuona kitu. Haikupungua. Yote miwili ilikwenda kushoto. Kocha alitwambia mapumzikoni tutie nguvu zaidi, nami nikatia, urefu ukatosha kabisa. Nilipinda mkono. Niliogopa nikapinda mkono, basi. Ungeniweka hata futi tano ningekosa."

Hakuna aliyecheka. Merle alishika dawati la mbele yake.

"Wenzangu walikosa kwa sababu ya mstari, hilo kweli. Mimi sikukosa kwa sababu hiyo. Niliposikia alichosema Harlan dukani nikamkimbilia bandani kwake. Nikamwambia, Ndugu Harlan, yangu ilikwenda kushoto. Akaniangalia. Akasema, 'Nimepima, Merle. Ni futi kumi na nne. Nenda kakamue.' Basi, nikaenda kukamua. Mpaka tunamzika hatukulisema tena. Nyie mnacheka mimi nanyamaza. Miaka hamsini nanyamaza, kwa sababu nilioa hapa, nimelea watoto hapa, na hakuna aliyenigeuzia mgongo tena."

Galen, ambaye si mtu mbaya, akauliza taratibu, "Lakini Harlan angejuaje kwamba ilikwenda kushoto?"

"Alikuwa amekaa nyuma ya goli," mama yako akasema. "Na macho yake yalikuwa mazuri mpaka siku ya kufa."

 

Merle akasema mstari uachwe, na bamba liwekwe, lakini jina liwe lake. Hapo mama yako alisimama, akiwa na soksi zake za kijivu, akamwambia maneno nitakayokuandikia kama yalivyotoka. "Hapana, Merle. Harlan hakulibeba miaka yote ile ili wewe uje ulibebe uzeeni. Wilma, pigeni msasa. Watoto wanataka kucheza." Akaketi. Hawakupiga kura.

Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza mama yako kama alijua. Alijua. Baba yako alimwambia usiku ule ule wa fainali, ndani ya gari, kabla hajapima chochote, kwamba yule mtoto amepinda kiwiko. Kosa la mstari alikuja kuligundua kesho yake, alipojiuliza kwa nini wengine wote walipungua. Nilimwuliza tena kwa nini wewe hukuambiwa. Tulikuwa tunapita daraja. Akasema Harlan alimwomba asimwambie mtu maadamu Merle anaishi mjini hapa, na zaidi ya wote asikuambie wewe, kwa kuwa mtoto anayechokozwa shuleni hutumia silaha yoyote aliyo nayo.

Sitakuandikia kwamba ilikuwa haki kwako. Nimeomba juu ya jambo hili kila asubuhi tangu Alhamisi, na siioni njia ya kulieleza likawa haki. Ndugu yangu alisema kweli dukani, na hakusema uongo bandani. Lakini mzigo alioutwaa kwa ajili ya mtoto wa mwingine, sehemu yake ilimwangukia wa kwake, ambaye hakuulizwa. Mama yako anasema baba yako aliliona hilo. Ulipotaka kuondoka baada ya jeshi, wakati shamba lilikuhitaji na kila mtu akitarajia akuzuie, alikusaidia kufunga mizigo na hakusema neno. Najua wewe ulidhani hakujali ukienda au ukibaki. Mama yako anasema usiku ule alimwambia, "Nimekwisha kumtoza mtoto huyu zaidi ya haki yangu." Nakuandikia neno hili kwa sababu ni lako, na kwa sababu limekaa kwa wengine muda mrefu mno.

Jana mashine ya msasa ililetwa. Nilikwenda nikaketi karibu na mlango wa tanuri. Vumbi lilikuwa laini kama unga, na ile alama iliondoka mapema kuliko nilivyofikiri. Walipofika kwenye kupima mstari mpya, kila mwanamume alitoa futikamba yake mwenyewe, na kila mmoja akataka kuikagua ya mwenzake kama ncha yake ipo. Wilma hakuridhika na hata moja. Alikwenda nyumbani akaleta utepe wake wa kushonea, wakaanza upya. Baba yako angefurahi kuwatazama.

Lipo jambo moja lililobaki, nami nimelichelewesha. Merle alikuja kwangu Ijumaa. Alisema neno lile amelisema mbele ya watu wasiohusika sana, na kwamba anayehusika yuko Arizona. Aliniuliza anwani yako, nikamwambia sitaitoa kabla ya kukuuliza wewe. Akaniomba basi nikuandikie kwamba kama utakuja Krismasi kumwona mama yako, atakuja nyumbani kwenu, atagonga mlango wa nyuma, na ukitaka asiingie hataingia. Na kama huji, atapanda basi akufuate. Nilimkumbusha habari ya moyo wake, na kwamba safari hiyo ni siku mbili na usiku wake. Akanijibu, "Ndugu Eldon, jambo hili nimekaa nalo kwa muda mrefu kuliko basi lolote." Ametazama ratiba, na anasubiri neno lako kwangu. Mama yako amelisikia hilo. Hakusema uje. Aliniuliza tu kama Merle bado anapenda pai ya malenge, kisha akasema siku hizi anasahau unga unaotosha watu wangapi, na akaanza kuhesabu kwa vidole.

Shangazi yako Berniece anakusalimu kutoka Goshen, pamoja na binamu yako Loren na wanawe. Mzee Schrock anakuuliza kama huko kweli hakuna nyasi. Wasalimie Ramona na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake, na yule mchanga ambaye sijamwona umbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Mungu wa baba zetu, aonaye yaliyo mbali na yaliyo nyuma ya goli, aulainishe mgongo wako na moyo wako, akuongoze utokapo na uingiapo, na asimwite mmoja wetu kabla hatujaonana.

Mimi niliye damu ya baba yako, nikupendaye siku zote,

Eldon Rohrer